Sura ya Nne: Tunaua, Wanarudi

Wakulima wa mahindi wa Mbozi, Momba na Ileje, mkoani Songwe, wana swali wanalolirudia kila msimu, na wenzao wa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, kule Nakonde, wanaliuliza hilohilo: mbona kila mwaka tunaua panya, na kila mwaka wanarudi? Anayeuliza si mvivu. Ametega, ameweka sumu, amefuga paka, na mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, amekusanya mizoga hadi akachoka kuifukia. Kisha mvua zinaanza. Anapanda, mbegu mbili mbili kila shimo, anasubiri. Siku ya nne au ya tano anakuta mstari mzima umefukuliwa, shimo baada ya shimo, bila kuruka hata moja, na juu ya udongo yamebaki maganda ya mbegu ambazo kiini chake kimetafunwa. Inabidi arudishie, na mbegu ya pakiti siku hizi haina bei ya kuchezea.

Majibu yanayozunguka vijiweni ni matatu. Sumu ya siku hizi imechakachuliwa. Jirani ni mzembe, hasafishi shamba lake. Au panya hao wametumwa. La tatu nitaliacha lilivyo. La kwanza lina ukweli wake mara mojamoja, na la pili lina ukweli mkubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa hiyo tutalirudia. Lakini hata sumu ingekuwa safi na majirani wote wangekuwa wachapakazi, panya wangerudi, kwa sababu kosa kubwa liko kwenye kalenda. Tunawaua wanapoonekana wengi, ilhali wingi wao uliamuliwa miezi kadhaa nyuma, na kilichouamua ni uzazi. Hoja hiyo inaungwa mkono na utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, ambao ni miongoni mwa tafiti za muda mrefu kuliko zote zilizowahi kufanywa juu ya panya barani Afrika.

Panya tunayemzungumzia

Panya ni wengi na tabia zao hazifanani, kwa hiyo tumtambue mhusika kwanza. Anayefukua mbegu ni panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Ana manyoya laini ya kahawia yenye ukijivu, tumbo la kijivu hafifu, na mkia unaokaribia urefu wa kiwiliwili chake. Huyu si yule panya mweusi wa darini anayetembea juu ya kenchi usiku, ingawa baada ya mavuno panya shamba naye huhamia ghalani bila kukaribishwa. Ukimgeuza jike wake utaona kitu kinachoeleza nusu ya habari yake: safu mbili za chuchu kuanzia kifuani hadi kinenani, ambazo zinaweza kufika 24. Binadamu ana mbili, ng'ombe ana nne.

Chuchu hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Mimba ya panya shamba huchukua siku 23 hivi. Uzao mmoja, yaani watoto wanaozaliwa kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida huwa kati ya 10 na 12, na wakati mwingine huzidi hapo. Wiki tatu baada ya kuzaliwa wanaacha kunyonya. Tena jike hajifungi kwa dume mmoja: uchunguzi wa vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo ndani ya kila seli ya mwili, uliochapishwa mwaka 2008 kutokana na panya wa Morogoro ulionyesha kwamba watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Maana yake ni kwamba madume wachache wakinusurika na sumu, majike wote wa eneo hilo bado watapata mimba. Anayejivunia kuua madume kumi amepunguza kidogo sana idadi ya watoto wa mwezi ujao.

Isidhaniwe kwamba jamii nzima ya panya huzaa hivi. Panyabuku, yule mkubwa ambaye shirika la APOPO la Morogoro linamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, huwatoa jasho wanaojaribu kumzalisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulieleza sababu mojawapo: majike wengi waliokwisha kukua wana uke uliofungwa kabisa na ngozi, na aliyefunguka anaweza kufungika tena. Magawa, panyabuku aliyepewa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kutafuta mabomu Kambodia, alikuwa wa ukoo huo usio na pupa ya kuzaa. Mungu angewagawia panya shamba tabia hiyo, sura hii isingeandikwa.

Miaka thelathini katika shamba moja

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina kituo kinachoshughulika na wadudu na wanyama waharibifu, na kwa miongo kadhaa kimefanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji. Majina yanayotajwa sana katika kazi hiyo ni Herwig Leirs wa Antwerp, na kwa upande wa SUA Rhodes Makundi, Apia Massawe, Robert Machang'u na Loth Mulungu. Tangu mwaka 1994, katika eneo la hekta tatu nje kidogo ya mji wa Morogoro, mitego inayokamata panya bila kuwaua hutegwa kila mwezi kwa usiku tatu mfululizo. Anayenaswa huwekewa alama, hupimwa uzito, huandikwa, kisha huachiwa palepale aliponaswa. Mwezi unaofuata, idadi ya wenye alama ikilinganishwa na ya wasio nayo huwapa watafiti njia ya kukadiria ni panya wangapi wanaishi hapo, wangapi wamekufa, na wangapi wameingia.

Kwa hoja yetu, sehemu muhimu ya daftari hilo ni ile inayohusu uzazi. Kila dume hutazamwa kama korodani zake zimeshuka. Kila jike hutazamwa kama uke umefunguka, hupapaswa tumbo kwa vidole ili kujua kama ana mimba, na chuchu zake hukaguliwa kama zinanyonyesha. Kazi yenyewe haina mvuto wowote, ni umande, mavi ya panya na kuumwa vidole. Lakini kwa kurundika madaftari hayo mwaka baada ya mwaka, ilionekana wazi kwamba panya shamba hawazai ovyo mwaka mzima kama tunavyodhani. Wana msimu, na msimu huo unafuata mvua. Morogoro wanaanza kuzaa mwezi mmoja hivi baada ya masika kushika kasi, wanaendelea hadi kiangazi kinapoanza kukaza, kisha wanaacha. Idadi yao huporomoka hadi chini ya 20 kwa hekta kuelekea msimu mpya, na hupanda hadi mamia baada ya uzazi.

Panya anajuaje kwamba wakati umefika? Si kwa kalenda, wala si kwa maji ya mvua yenyewe. Dalili kubwa ni majani yanayochipua. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walifanya jaribio juu ya panya wa mbugani wanaokula nyasi. Ndani ya majani machanga walikuwa wamegundua kemikali ambayo haimo kwenye majani makavu. Wakaipaka kwenye punje za oti, wakaziweka nje katikati ya majira ya baridi, wakati ambao panya hao hawazai. Wiki chache baadaye majike wakakutwa na mimba. Kwa panya shamba wetu, Leirs na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuanza kwa uzazi kunakwenda sambamba na kuchipua kwa nyasi baada ya mvua. Mtu anaweza kusema kwamba huenda si kemikali, ni chakula tu: nyasi changa zina maji na protini, na jike aliyekonda hawezi kubeba watoto kumi. Inawezekana mambo yote mawili yanafanya kazi pamoja. Kwa mkulima tofauti hiyo haibadilishi kitu, kwani kwa vyovyote vile kijani kinachotangulia kinaleta mimba zinazotangulia.

Mvua iliyowahi na hesabu yake

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka wa kawaida, panya anayezaliwa wakati wa masika hapevuki mwaka huohuo. Kupevuka ni kufikia hali ya kuweza kuzaa. Anaacha kunyonya, anakua kidogo, kisha anasimama, na anaweza kukaa hivyo nusu mwaka au zaidi hadi mvua nyingine zichipushe majani. Lakini mwaka ambao mvua za mwanzo, zile za Novemba na Desemba, zimekuwa nyingi, wazazi wanaanza kuzaa mapema, mnamo Januari. Watoto hao wa mapema wanakua katikati ya majani mabichi, na wakifikisha miezi mitatu hivi wanapevuka na kuzaa ndani ya msimu uleule. Msimu mmoja unatoa vizazi viwili badala ya kimoja.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone uzito wake. Hekta moja ina majike 10 waliovuka kiangazi. Kila mmoja anazaa mara mbili, watoto 10 kila mara. Hao ni 200. Mwaka wa kawaida hesabu inakomea hapo. Sasa mvua imewahi. Katika uzao wa kwanza wa watoto 100, tuseme 50 ni majike, nao wanapevuka na kuzaa mara moja tu, watoto 10 kila mmoja. Tumeongeza 500, jumla 700. Mfano huu haujaondoa vifo, na vifo ni vingi, kwa kuwa panya shamba wachache sana hutimiza mwaka mmoja. Hata hivyo uwiano unabaki: tofauti kati ya mwaka wa kuvumilika na mwaka wa janga inatokana na wiki chache za mvua, na wala haitokani na sumu iliyotumika Agosti iliyopita.

Hilo ndilo lililomfanya Leirs na wenzake, akiwamo Patrick Mwanjabe aliyekuwa akishughulikia udhibiti wa panya serikalini, wapendekeze mwaka 1996 kwamba mlipuko unaweza kutabiriwa kwa kutazama mvua za mwanzo wa msimu. Mwaka uliofuata jarida la Nature la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa takwimu za Morogoro, ulioonyesha kwamba kasi ya kupevuka na uwezekano wa kunusurika hutegemea mambo mawili kwa pamoja: mvua ya miezi iliyotangulia na wingi wa panya wenyewe. Wakisongamana, maisha yanawawia magumu. Wakipungua, waliobaki wanapata nafasi. Sumu ya Agosti inawapa waliobaki nafasi hiyohiyo.

Kwa ufupi, kabla hatujaendelea: panya shamba anazaa kwa msimu, msimu unafunguliwa na majani machanga, mvua zikiwahi, watoto nao huzaa mwaka huohuo, na wingi tunaouona baada ya mavuno ni matokeo ya mimba za miezi iliyopita.

Songwe si Morogoro

Pingamizi la kwanza ni la haki kabisa. Utafiti huu umefanyika Morogoro, ambako kuna vuli na masika, wakati Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi ya Morogoro haiwezi kunakiliwa na kubandikwa Vwawa. Anayesubiri "vuli nzuri" huku Mbozi atasubiri sana, maana mvua zikishaanza zinaendelea.

Ila kanuni ya uzazi haijafungwa na majina ya miezi. Ushahidi mzuri unatoka katika skimu za mpunga wa kumwagilia za mkoani Morogoro, ambako Mulungu na wenzake walikuta panya shamba wakiendelea kuzaa mwaka mzima. Panya ni walewale na jua ni lilelile, ila maji hayakatiki na kijani hakikauki. Kwa hiyo swali la kuuliza Songwe ni lini kijani kinaanza na kinadumu muda gani, na jibu halitakuwa moja kwa mkoa mzima. Nyanda za juu za Mbozi na Ileje, zenye kahawa na mahindi, zina baridi na mvua ndefu. Bonde la Momba kuelekea Kamsamba na Ziwa Rukwa ni la joto, lina mpunga na maeneo yanayobaki na unyevu mvua zikishakatika. Kuwapa wakulima wa sehemu hizo mbili tarehe moja ya kuanza kudhibiti panya ni kuwadanganya.

Tena mkoa huu hauko nje kabisa ya historia ya utafiti huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanjabe alichunguza panya shamba katika bonde la Ziwa Rukwa upande wa Chunya, eneo ambalo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Songwe. Alichokitazama ni nafasi ya magugu. Pori linaloachwa kati ya mashamba linampa panya vitu vitatu: maficho, mbegu za nyasi wakati mahindi hayapo, na majani yanayochipua mapema mvua ya kwanza ikigusa ardhi. Hapo lile jibu la pili la kijiweni, la jirani mzembe, linapata msingi wake, ingawa uzembe huo una uzito Oktoba kuliko mwezi mwingine wowote.

"Lakini sumu inaua"

Inaua, hakuna anayebisha. Ile ya zinki fosfaidi huachia gesi ya sumu tumboni na kuua ndani ya saa chache; zile zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa. Kila moja ina udhaifu wake. Panya aliyeonja zinki fosfaidi kidogo akaugua bila kufa hatairudia, na sumu hiyo haimjui kuku wala mbwa. Lakini udhaifu mkubwa haumo ndani ya pakiti. Uko kwenye siku inapotumika.

Debe la mahindi lina bei moja Julai na bei nyingine kabisa Januari, na kila mfanyabiashara wa Tunduma analijua hilo kabla hajafungua mdomo. Panya naye ana thamani mbili. Panya wa Agosti ni mmoja kati ya mamia, na sehemu kubwa ya hao watakufa kabla ya mvua kwa njaa, maradhi na kuliwa, uwaue usiwaue. Panya wa Novemba amevuka kiangazi. Ni mkubwa, ana njaa, mbegu yako ndiyo chakula chake cha kwanza cha maana, na ndani ya wiki chache atakuwa mzazi. Ukimuua huyo umeokoa mbegu na umefuta uzao wake. Tatizo ni kwamba Novemba panya ni wachache na hawaonekani, na ni vigumu kumshawishi mtu anunue sumu kwa ajili ya adui asiyemwona. Makadirio ya watafiti ni kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka, na hasara kubwa ya shambani hutokea katika wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, wakati huohuo ambao panya ni wachache.

Wanaotegemea paka na bundi nao wajibiwe. Watafiti wa Denmark na Ubelgiji, wakishirikiana na SUA, walifunika baadhi ya mashamba ya mahindi kwa nyavu ili ndege na wanyama wala panya wasiingie, na kwingine wakasimika miti ya kutulia na visanduku vya viota ili kuwavuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuwafurahisha wapenzi wa bundi. Pasipokuwa na wawindaji panya waliongezeka kwa kasi zaidi na kufikia idadi kubwa zaidi, lakini mwendo wa jumla wa kupanda na kushuka haukubadilika sana, na pale panya walipozuiwa kuhama, athari hiyo ya wawindaji ilitoweka. Bundi asiuawe, anafanya kazi yake usiku bila mshahara. Ila jike mmoja anayezaa kumi kwa mwezi anamshinda mwindaji yeyote, hasa mwindaji ambaye naye ana tumbo moja tu.

Kuwazuia wasizae

Kama tatizo ni uzazi, si tuwape dawa ya kuzuia uzazi? Wazo hilo linachekesha watu hadi waelezwe kwamba limeshajaribiwa. Watafiti wa China walitengeneza mchanganyiko wa homoni mbili za maabara, kwinestroli na levonogestreli. Homoni ni kemikali ambayo mwili hutumia kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Levonogestreli ndiyo iliyomo katika vidonge ambavyo vijana wa mjini wanaviita P2. Mwaka 2018 Massawe, Makundi na wenzao wa China na Uingereza walitoa matokeo ya kuwalisha panya shamba chambo chenye homoni hizo. Majike walioila walipata mimba chache, na madume walipungukiwa na mbegu za kiume. Kwinestroli ilionyesha nguvu zaidi ya mwenzake.

Hoja ya kuipendelea njia hii kuliko sumu ni ya kinadharia lakini ina mantiki. Panya aliyekufa anaacha nafasi na chakula. Panya tasa yuko hai, anakula, anagombania, haongezi mtu. Kwa wanyama wanaolinda maeneo yao, tasa mmoja anaweza kumfukuza mhamiaji mwenye uwezo wa kuzaa. Hapo mimi naweka alama ya kuuliza. Takwimu za Morogoro zilizochapishwa mwaka 2014 zinaonyesha kwamba panya shamba hana mipaka ya kulinda: maeneo yao yanaingiliana, madume kwa majike, bila ugomvi wa maana. Tasa wa panya shamba hatamzuia mgeni kuingia. Faida itakayobaki ni ile ya msongamano, yaani kula kile ambacho mzazi angekula, na hiyo ni ndogo kuliko wanavyoahidi wapenzi wa njia hii.

Kuna wasiwasi mwingine, wa homoni kuingia kwenye kuku, njiwa na maji ya mto. Ni wasiwasi wa kupimwa, haustahili kupuuzwa wala kutumiwa kufunga milango. Dawa yoyote ya namna hiyo, kabla ya kufika dukani, lazima ipite kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, nayo ndiyo mahali pa kuuliza maswali hayo. Lakini hata ikiruhusiwa kesho, itadaiwa kitu kilekile kinachodaiwa na sumu: iliwe kabla ya mimba, yaani kabla majani hayajachipua. Atakayeinunua Agosti atakuwa amenunua P2 ya mwaka jana.

Kabla ya Novemba

Kinachotokana na haya yote ni kazi ya miezi miwili, Septemba na Oktoba, na uangalizi wa miwili inayofuata:

- Kufyeka pori na magugu yanayopakana na mashamba kabla ya mvua, ili maficho yatoweke na kijani cha mapema kipungue.
- Kutega kwa pamoja, kijiji kizima, majumbani, kwenye maghala na pembezoni mwa mashamba, hata kama kwenye mitego kumi ananaswa mmoja.
- Kupanda kwa wakati mmoja na jirani, maana anayepanda peke yake wiki mbili kabla ya wengine analisha panya wa kijiji chote.
- Kama sumu itatumika, iwekwe siku chache kabla ya kupanda na wakati wa kupanda.
- Kufuatilia mvua za mwanzo. Zikiwahi na zikawa nyingi, afisa ugani asisubiri malalamiko.

Mtego mmoja wa mtu mmoja haufui dafu, kwa sababu panya huhama. Mradi uliofanyika Tanzania, Namibia na nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba wanakijiji wakitega wote, mfululizo, panya hupungua na uharibifu nao hupungua. Hapo linabaki pingamizi la mwisho, ambalo si la sayansi: nani atawakusanya watu Oktoba kuwinda panya wasioonekana? Kamati zetu za vijiji zimezoea kukutana janga likishaingia. Na pori lenyewe mara nyingi lina mwenyewe ambaye hayupo, mtu aliyenunua ekari zake akaziacha, naye yuko mjini anauza duka. Hawezi kuona mashimo ya panya kutoka huko, wala haimuumi. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kumfikia, ikitaja tarehe ya kufyeka na faini, na faini hiyo isishuke chini ya bei ya mbegu ambayo jirani yake atalazimika kuinunua mara ya pili.